Mazoezi ya Mzunguko kwa Waliovuka Miaka Hamsini: Namna ya Kuunganisha Nguvu na Pumzi Ukiwa Nyumbani

Wazee wengi wa Moshi wanatembea. Asubuhi na mapema, kabla jua halijakuwa kali, utawakuta kwenye barabara za Shanty Town zenye kivuli cha miti wakiwa na raba na sweta, na wengi wao wameanza kutembea kwa sababu daktari aliwashauri hivyo ili presha au sukari ishuke. Ushauri huo ni sahihi, ila haujakamilika. Kutembea kunanufaisha moyo, mapafu na mishipa ya damu, lakini hakutoshi kuilinda misuli ya mapaja, mgongo na mikono, ambayo ndiyo inayomwezesha mtu kuinuka kitini, kubeba ndoo na kujizuia asianguke anapojikwaa. Mzee mmoja ninayemsimamia mazoezi aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, mimi natembea kila siku mpaka Rau na kurudi, hiyo haitoshi?" Nilimjibu, "Kwa moyo inatosha, mzee wangu. Kwa mapaja bado."

Misuli huanza kupungua taratibu mtu akishavuka miaka 30, kwa kiasi kinachokadiriwa kuwa kati ya asilimia 3 na 8 kila miaka kumi, na kasi hiyo huongezeka baada ya miaka 60. Nyuzi za misuli zinazofanya kazi kwa haraka, zile zinazohitajika unapoteleza na kutakiwa kurudisha mguu chini upesi, ndizo zinazopungua zaidi. Uwezo wa mwili kutumia hewa nao hushuka, hasa kwa anayekaa muda mrefu bila kujishughulisha. Mambo haya mawili hutokea kwa pamoja, kwa hiyo kuna mantiki ya kuyashughulikia kwa pamoja. Mama wa Kibosho au Uru anayeshuka tambarare kukata majani ya ng'ombe kisha akapanda mlima na mzigo kichwani anafanyia kazi nguvu na pumzi katika saa ileile. Akihamia mjini kwa watoto wake, au mtumishi akistaafu na kubaki nyumbani, kazi hiyo hutoweka na hakuna kinachochukua nafasi yake.

Mazoezi ya mzunguko yanaweza kuichukua nafasi hiyo. Ni utaratibu wa kupanga mazoezi machache tofauti kama vituo, ukafanya kituo kimoja kwa muda mfupi, ukapumzika kidogo, ukahamia kingine mpaka umalize vyote, kisha ukarudia. Utaratibu huu ulibuniwa na R. E. Morgan na G. T. Anderson katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mwaka 1953, na unamfaa sana mtu wa makamo na mzee kwa sababu kila mmoja anafanya kwa kiwango chake, hauhitaji mashine, na kwa nusu saa unagusa mwili mzima.

Hatua ya kwanza: Ijue afya yako kabla ya kuanza

Mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi au aliyewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu, azungumze na daktari wake kwanza na amweleze waziwazi kwamba anataka kufanya mazoezi ya nguvu, asiseme tu kwamba anataka "kufanya mazoezi", maana jibu linaweza kuwa tofauti. Presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi ukiwa umetulia, siku hiyo usifanye mazoezi. Nenda kituo cha afya. Anayetumia insulini au vidonge vya glibenclamide apime sukari kabla, na ikiwa chini ya 5.0 mmol/L ale ndizi mbivu au kitu kingine chenye wanga kabla ya kuanza, kisha aweke glukosi karibu. Anayetumia atenolol, carvedilol au dawa nyingine za jamii hiyo ajue kwamba dawa hizo huzuia mapigo ya moyo yasipande sana, kwa hiyo kuhesabu mapigo hakutamwonyesha ukweli wa kazi anayofanya.

Ukiwa mazoezini, maumivu au kubanwa kifuani, maumivu yanayoelekea taya au mkono, kizunguzungu, jasho la baridi, au kukosa pumzi kusikolingana na kazi unayofanya, ni dalili za kusimama papo hapo. Zisipotulia mara moja, upelekwe hospitali, iwe ni KCMC au Mawenzi kwa walio Moshi, au Mount Meru kwa walio Arusha. Usiende mwenyewe kwa miguu na usingoje mpaka kesho.

Hatua ya pili: Jipime kwenye kiti

Ninakusihi usiiruke hatua hii, kwa kuwa ndiyo itakayokuambia uanzie wapi. Chukua kiti cha mbao kisicho na mikono, chenye urefu wa kama sentimita 43 kutoka sakafuni, na ukiegemeze ukutani ili kisisogee. Kiti cha plastiki hakifai, kwa sababu miguu yake hupanuka na kuteleza kwenye vigae. Kaa katikati ya kiti, nyayo zote zikiwa chini, mikono umeikunja kifuani, kisha kwa sekunde 30 simama wima na ukae tena mara nyingi uwezavyo, huku mwenzako akihesabu na kuangalia saa.

Kwa mtu wa miaka 60 hadi 64, kusimama chini ya mara 14 kwa mwanamume na chini ya mara 12 kwa mwanamke ni dalili kwamba miguu imepungua nguvu kuliko inavyotarajiwa kwa umri huo. Kati ya miaka 65 na 69 mipaka hiyo ni 12 kwa mwanamume na 11 kwa mwanamke, na kati ya 70 na 74 ni 12 na 10. Usiyetaka hesabu unaweza kujitazama kanisani au msikitini. Nilimwona mama mmoja mwalimu mstaafu akitaka kusimama ibadani: alishika benchi la mbele, akajisukuma mara mbili bila kufika, na mara ya tatu binti aliyekaa pembeni yake akamshika kiwiko. Mama huyo hakuwa mgonjwa. Alikuwa akitembea kila siku, ila kwa miaka mingi mapaja yake hayakuwahi kupewa kazi kubwa kuliko hatua moja baada ya nyingine kwenye barabara tambarare.

Asiyeweza kusimama hata mara moja bila kutumia mikono aanze kwa kuweka mto mgumu juu ya kiti ili kiwe kirefu zaidi, na ajisaidie na meza nzito mbele yake. Mto huo utaondolewa siku itakapofika.

Hatua ya tatu: Andaa vifaa

Huhitaji kwenda jimu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 3 ni mzigo wa kilo 3 na dumu la lita 5 ni kilo 5, na hapo una vyuma vyako. Lijaze dumu mpaka juu au usilitumie kabisa, kwa sababu maji ya nusu dumu hucheza ndani na kuivuta mikono huku na huko. Ukihitaji uzito zaidi bila kuongeza ukubwa, weka mchanga mkavu: dumu la lita 5 likijaa mchanga hufikia karibu kilo 8. Mpini wa dumu hukata vidole, hivyo uzungushie kipande cha kanga kuukuu na ukifunge vizuri.

Unahitaji pia kile kiti, ukuta, kidato cha saruji cha baraza chenye urefu wa sentimita 15 hadi 20, simu yenye kipima muda, na raba zenye soli isiyoteleza. Kreti la soda lisitumike badala ya kidato. Linapinduka.

Hatua ya nne: Pasha mwili

Tumia dakika 5 hadi 8. Tembea taratibu uani, zungusha mabega, inua magoti kidogo kidogo, kaa na kusimama mara chache bila haraka. Arusha iko juu zaidi ya Moshi na baridi yake ya mwezi wa Juni hadi Agosti huvikaza viungo, kwa hiyo wa Njiro au Sakina aongeze dakika tatu na asivue sweta mpaka ahisi joto. Moshi kati ya Desemba na Machi tatizo ni kinyume chake, na huko mazoezi yaishe kabla ya saa mbili asubuhi au yangoje jua lipungue jioni.

Hatua ya tano: Vituo sita

Fanya kazi sekunde 30 katika kila kituo, kisha pumzika sekunde 30 ukielekea kinachofuata. Vituo sita vitachukua dakika 6. Mpangilio wake una sababu: baada ya miguu inakuja mikono, baada ya mikono unakuja moyo, ili kundi moja la misuli lipumzike wakati jingine linafanya kazi huku mapigo ya moyo yakibaki juu muda wote. Ukiweka mazoezi mawili ya mapaja yakifuatana, miguu itachoka kabla ya moyo kupata kazi yake, na mzunguko utageuka mateso.

Kituo cha kwanza ni kiti. Kaa ukihesabu moja, mbili, tatu mpaka makalio yaguse kiti, kisha simama kwa haraka kadiri unavyoweza bila kurusha mwili. Kushuka polepole kunajenga nguvu, na kusimama haraka kunazifanyisha kazi zile nyuzi za misuli zinazopungua zaidi uzeeni. Magoti yaelekee upande wa vidole vya miguu na yasikutane ndani.

Kituo cha pili ni pushapu za ukutani. Simama hatua moja kutoka ukutani, viganja usawa wa kifua, mwili umenyooka kutoka kisigino hadi kichwani, kunja viwiko mpaka pua ikaribie ukuta kisha jisukume. Ukizoea, hamia kwenye meza nzito iliyoegemezwa ukutani, maana kadiri mwili unavyolala ndivyo uzito unavyoongezeka.

Kituo cha tatu ni mchakamchaka wa papo hapo, ule tuliofundishwa shuleni, lakini bila kurukaruka: mguu mmoja ubaki chini muda wote, goti la pili lipande kuelekea nyonga, mikono ifuate. Mwenye magoti mabovu aufanye akiwa ameketi pembeni mwa kiti, akiinua magoti kwa kupokezana, na bado moyo utafanya kazi. Kichurachura cha shuleni kisiguswe. Goti lililokunjwa mpaka mwisho huku likibeba mwili unaoruka halina faida kwa mtu wa umri huu.

Kituo cha nne ni kuvuta dumu. Shika kiti kwa mkono mmoja, inama kidogo kwenye nyonga huku mgongo ukiwa umenyooka, acha dumu lining'inie kwa mkono wa pili, kisha livute kuelekea kiunoni kiwiko kikipita karibu na mbavu. Badilisha mkono sekunde ya 15. Misuli ya mgongo wa juu ndiyo inayomfanya mtu asimame wima, na wengi huisahau kwa sababu hawaioni kwenye kioo. Mwenye mifupa dhaifu au aliyewahi kuvunjika pingili ya mgongo asiiname akiwa na mzigo. Avute akiwa wima, kwa mpira uliofungwa kwenye nguzo. Vipande vya tyubu ya ndani ya baiskeli vinafaa kwa kazi hiyo.

Kituo cha tano ni kidato. Panda kwa mguu wa kulia, lete wa kushoto, shuka kwa wa kulia, na sekunde ya 15 anza na wa kushoto. Nyayo nzima ikae juu ya kidato, kisigino kisibaki hewani. Kuwe na ukuta au nguzo unayoweza kuigusa.

Kituo cha sita ni kutembea umebeba madumu, moja kila mkono, mabega yameshushwa na macho yanatazama mbele. Kinaonekana chepesi kuliko vyote, lakini kwa maoni yangu ndicho chenye faida nyingi zaidi: vidole vinakaza, tumbo linashikilia uti wa mgongo, miguu inatembea na pumzi inapanda. Anayetoka Soko la Memorial na mifuko miwili anaifahamu kazi hiyo. Ukiwa na dumu moja tu, libebe upande mmoja kwa sekunde 15 kisha upande wa pili, na ujitahidi usiiname kulifuata.

Katika vituo vyote, toa pumzi unapoinua au kusukuma na uvute unaposhusha. Usibane pumzi hata mara moja, kwa sababu kubana pumzi huku umekaza misuli hupandisha presha ghafla. Anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi, kwa hiyo hesabu kwa sauti.

Hatua ya sita: Pima kasi kwa salamu

Wapo wanaotoa umri wao kwenye 220 ili kupata kiwango cha juu cha mapigo ya moyo, ambacho kwa mtu wa miaka 65 ni 155, lakini hayo ni makadirio, na watu wa umri mmoja hutofautiana sana. Kipimo kilicho rahisi na cha kuaminika zaidi ni maongezi. Kijana akipita uani na kukuamkia, uweze kuitikia "marahaba" na kumuuliza habari za nyumbani kwa sentensi nzima, japo kwa kuhema. Ukiweza hata kuimba, umelegeza mno. Ukiitikia kwa kutikisa kichwa tu, umepitiliza. Punguza kasi au ongeza mapumziko yawe sekunde 45.

Hatua ya saba: Poza mwili, kisha fanyia kazi mizani ya mwili, yaani uwezo wa kusimama bila kuyumba

Usikae chini mara unapomaliza kituo cha mwisho. Damu nyingi imeshuka miguuni, na kwa anayetumia dawa za presha kusimama au kukaa ghafla kunaweza kuleta kizunguzungu. Tembea polepole dakika 3 hadi 5. Baada ya hapo, ukiwa karibu na ukuta, simama kwa mguu mmoja sekunde 10 hadi 30, badilisha, kisha tembea hatua kumi ukiweka kisigino mbele ya vidole vya mguu wa nyuma. Malizia kwa kunyoosha vigimbi, mapaja na kifua.

Ratiba na namna ya kuongeza

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kazi ya wastani ya moyo, na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Kwa waliofikisha miaka 65 unaongeza mazoezi yanayochanganya mizani na nguvu siku tatu au zaidi. Mzunguko wa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa pamoja na matembezi ya nusu saa siku mbili au tatu nyingine unatimiza yote. Acha siku moja kati ya mzunguko na mzunguko, kwa sababu misuli hujijenga wakati wa mapumziko, na kwa mzee ujenzi huo huchukua muda mrefu zaidi.

Wiki mbili za kwanza fanya mzunguko mmoja tu, hata kama unajisikia una nguvu za kutosha, kwa kuwa mishipa inayounganisha misuli na mifupa hukomaa taratibu kuliko misuli yenyewe. Wiki ya tatu na ya nne fanya miwili, ukipumzika dakika 2 katikati, na mazoezi yenyewe yatakuwa dakika 14. Ukizoea, nenda mitatu, ambayo ni dakika 22. Baada ya hapo chagua jambo moja tu la kuongeza kila wiki mbili: ama sekunde za kazi kutoka 30 hadi 40, ama kupunguza mapumziko hadi 20, ama uzito wa dumu. Dumu linaongezwa pale unapoweza kulivuta zaidi ya mara 15 na zile za mwisho zikawa rahisi kama za kwanza. Wanaoongeza yote kwa mpigo ndio ninaowaona wakiacha baada ya mwezi kwa maumivu ya goti au bega. Rudia kipimo cha kiti kila baada ya miezi mitatu na uandike namba kwenye kalenda ya ukutani.

Masika, udongo wetu ukilowa huteleza vibaya. Hamishia vituo barazani, na madumu yabebwe ndani ya korido.

Chakula

Misuli haijengwi na ndizi peke yake. Mtu mwenye umri mkubwa anahitaji kama gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani gramu 70 hadi 84 kwa mwenye kilo 70, na ni vyema zigawanywe katika milo yote. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa gramu 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama gramu 15. Kiburu, chakula chetu cha ndizi, kikijaa maharage ni chakula kizuri sana baada ya mazoezi. Mtori wenye vipande viwili vya nyama unahitaji kuongezewa yai au mtindi. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila ushauri wa daktari. Maji yanywewe kabla na baada, hata siku za baridi ambapo kiu haisikiki.

Maumivu na kukatizwa

Misuli kuuma siku moja au mbili baada ya mazoezi ni kawaida, hasa mwanzoni. Maumivu makali ya kuchoma ndani ya kiungo, goti kuvimba, au maumivu ya kiungo yanayozidi baada ya saa 24, yanakutaka upunguze urefu wa kidato, uzito wa dumu au idadi ya mizunguko, na yakiendelea umwone mtaalamu wa fiziotherapia. Wenye magoti yaliyolika wasidhani kwamba mazoezi si yao, kwa sababu paja lenye nguvu humpunguzia goti mzigo. Waanze na kiti kirefu na kidato kifupi.

Ukipatwa na malaria au mafua makali ya kifua, usifanye mazoezi mpaka homa iishe kabisa na hamu ya chakula irudi. Ukikatizwa kwa wiki moja, punguza mzunguko mmoja utakaporudi. Ukikatizwa kwa wiki mbili au zaidi, iwe kwa ugonjwa, msiba au safari, anza tena na mzunguko mmoja na dumu dogo, kisha panda kwa utaratibu uleule wa wiki mbili mbili mpaka ufike ulipoachia.